Mgeni Asiyekunywa

Wa kwanza kulalamika alikuwa Fatumo wa hoteli. Alionja chai yake mwenyewe mbele ya wateja, akakunja uso, akasema maziwa ya Weris siku hizi hayana moshi.

Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo. Kwa watu wa Habaswein, mji wa wafugaji ngamia, si dogo hata kidogo. Chombo cha maziwa ya ngamia hufukizwa kwanza kwa makaa ya mti mgumu, kikafunikwa mpaka moshi ukaingia katika kila uzi uliofumwa, ndipo maziwa hukaa siku mbili bila kuharibika na ndipo huwa na ladha. Weris alikuwa akifukiza vyombo tangu akiwa msichana anayefuata ngamia wa baba yake. Sasa alikuwa na miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyethubutu kukiuliza.

"Moshi umo," alimjibu Fatumo. "Pua yako ndiyo imezeeka."

Lakini njiani kurudi nyumbani aliinamia mdomo wa mtungi mtupu akanusa, na Fatumo alikuwa amesema kweli. Moshi haukuwemo. Kulikuwa na harufu ya mvua, ile harufu ya udongo mkavu ukipokea matone ya kwanza, ilhali masika yalikuwa yamepita bila tone na hakuna aliyeona wingu kwa miezi mitano. Mtu mwingine angeshtuka. Weris alitabasamu, maana nani katika nchi ile anaogopa harufu ya mvua?

Tena vyombo hakuwa akivifukiza yeye siku hizo. Kulikuwa na mtu aliyemsaidia.

Mtu huyo alimjia wiki chache kabla ya hapo, saa saba mchana, saa ambayo mji wote umejilaza na mbuzi wamebanana kwenye kivuli cha matangi ya maji. Gari la maziwa lilikuwa limemshushia Weris mtungi wake wa lita ishirini pale steji na kuondoka kuelekea Garissa. Aliushika, akaunyanyua hadi magotini, akautua. Akapumzika. Akaunyanyua tena, akautua tena. Kwa mbali alisikia kengele ya mti, ile inayofungwa shingoni mwa ngamia, ikigonga polepole, ingawa ngamia hawaingizwi mjini.

"Nabad, hooyo," sauti ilisema nyuma yake. "Nipe nikubebee."

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kanzu safi, na sura ambayo ukiitazama unadhani umewahi kuiona mahali. Hakutoa salamu ya Kiislamu; alisema nabad tu, amani, kama wazee wa porini, na akamwita hooyo, mama.

Tuseme ukweli, Weris alikuwa mgumu wa kusaidiwa. Miezi michache kabla, jirani yake Shamis, mshonaji aliyetoka kambi za wakimbizi za Dadaab na cherehani yake akapanga chumba cha ng'ambo ya ua, alikuja kumwambia, "Eeddo, shangazi, niache nikuchukulie huo mtungi." Weris alimsimamisha pale pale juani, akamuuliza baba yake ni nani, babu yake ni nani, na baba wa babu. Shamis alitaja majina, jasho likimtiririka. Weris hakuyajua, akasema, "Mtungi wangu nauweza mwenyewe." Binti yake mwenyewe, Hani, aliyeajiriwa ofisini huko Garissa, alikuwa ameacha kuliweka neno "kusaidia" katika simu zake, kwa sababu kila akilitaja, simu ilikatwa.

Lakini huyu mwanamume hakumwonea huruma. Hakusema pole. Hakuuliza kama anaweza. Na alikuwa mpita njia, hangekwenda kusimulia hotelini kwamba Weris ameishiwa nguvu.

"Chukua," Weris alisema.

Aliubeba mtungi kana kwamba ni mtupu. Nyumbani, Weris alitoa dhiil ya mama yake, chombo kile cha kufumwa ambacho hakikutolewa ila kwa wageni, akammiminia. Ndivyo desturi ilivyo: mgeni hunywa kwanza, halafu ndipo unamuuliza yeye ni wa nani. Kumuuliza mtu ukoo wake kabla hajanywa ni kumwambia kuwa maziwa yako yana masharti.

Mwanamume aliweka mkono kifuani. "Nimefunga, hooyo."

Weris alifurahi zaidi. Mcha Mungu! Na kwa kuwa hakunywa, hakumuuliza chochote. Kesho yake alikuja tena, saa ile ile, akasema amefunga. Na kesho kutwa pia.

Siku ya pili Weris hakuweza kuinua birika la chai. Alilishika, vidole vikafunga, lakini mikono haikupanda. Alijiambia ni umri. Mgeni alimwona akihangaika na mbuzi wake wanne waliotawanyika, akasema, "Nipe nikuitie," naye akasema chukua. Akawaita kwa ule mluzi wa Weris wenyewe, mfupi mara mbili na mrefu mara moja, wakaja mbio. Tangu siku hiyo Weris akiwaita walimtazama kama mpita njia, wakaendelea kutafuna. Akasema ni ukame, mbuzi wamechanganyikiwa. Kisha mgeni akasema, "Moshi unakuumiza macho, hooyo. Nipe nikufukizie vyombo." Chukua. Ndipo maziwa yakaanza kunuka mvua.

Siku moja mikono yake ilikuwa imejaa unga wa anjera, ule mkate wa chapati laini, simu ikalia. "Nipe nikujibie," mgeni alisema kwa upole, na Weris, ambaye maisha yake yote hakumruhusu mtu kumchotea hata kikombe cha maji, alisema chukua bila kufikiri, kwa sababu ukishazoea kulisema neno hilo linakutoka lenyewe.

Basi ikawa siku tatu kabla ya Idd ya kuchinja. Weris alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, akisubiri ajisikie vizuri, akasikia mtu anacheka ndani ya nyumba. Alikijua kicheko kile. Alikaa akisikiliza, na jua lilikuwa kali na mji kimya, na ile kengele ya mti ilikuwa ikigonga mahali fulani nyuma ya kicheko, na polepole akatambua kwamba anakijua kwa sababu ni chake, kwamba sauti inayosema na Hani kwenye simu ni yake yeye Weris, na mikwaruzo yake yote, na kikohozi chake, ikisema, "Usije Idd hii, mwanangu. Barabara ni mbaya na joto ni kali. Mimi nina nguvu kukushinda wewe," maneno ambayo angeyasema mwenyewe kabisa, na alipofungua mdomo kumpigia mwanawe kelele kwamba huyo si mimi, njoo, njoo leo hii, kilichotoka ni pumzi tu, nyembamba, ambayo haikufika hata kwenye mlango.

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu ujana wake, fisi walipomzunguka malishoni, na fisi angalau alijua wanataka nini.

Mgeni alitoka na kikombe cha chai, akamnywesha taratibu. Weris alimeza, kinywa chake kikabaki kikavu. Aliinua macho. Koo la mgeni ndilo lililokuwa likipanda na kushuka.

Idd ilifika. Mgeni alikuja saa saba, na Weris, kwa mazoea tu, alielekeza macho kwenye dhiil. "Nimefunga, hooyo," mgeni alisema, akaendelea na kazi.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Fatumo aliingia uani. "Hodi! Weris!" Alitazama mlangoni, akatazama zizini, akatazama mkekani pale Weris alipokaa, macho yakampitia bila kusimama. "Hayupo," alijisemea. "Na nimetoka kumwona steji sasa hivi, amejitwika mtungi kama msichana, hata salamu hakuitikia." Akaondoka. Weris alinyoosha mkono, akagusa upindo wa buibui lake. Fatumo alijikung'uta kana kwamba ni nzi.

Hapo ndipo Weris alipolia. Hakulia kwa kuwa atakufa, maana kifo alikuwa amekizoea kama jirani. Alilia kwa kuwa angekufa hapa mkekani na hakuna ambaye angejua, huku kitu kingine kikitembea mjini na jina lake, kikipokea simu za mwanawe mpaka siku Hani naye atakapozeeka.

"Eeddo, mbona umekaa juani?"

Shamis alikuwa amesimama kwenye ua wa miti, amebeba kitambaa cha kushona. Alikuwa akimtazama yeye. Machoni.

"Unaniona?" Weris alinong'ona.

Shamis alisogea karibu ili asikie. "Kila siku nakuona unapita na mtungi wako kwa nguvu, ndiyo maana sikukusumbua tena. Halafu leo nimekuona umepita, na nikigeuka nakuona pia umekaa hapa." Alikikunja kitambaa mkononi. "Nikasema nije nimsalimie aliyekaa."

"Fatumo hakuniona."

"Mimi nilikaa kambini miaka kumi na tisa, eeddo. Watu wananipita hivyo hivyo. Nimezoea kutazama pembeni."

Weris aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko mgongo. "Ingia," alisema. "Kaa kivulini. Kunywa kwanza. Siwezi kukumiminia, jimiminie mwenyewe."

Shamis alikunywa. Kisha Weris, kwa sauti yake hiyo ya pumzi, alimweleza kila kitu tangu siku ya mtungi.

"Ni mtu wa nani huyo?" Shamis aliuliza.

"Ningemuulizaje? Hajanywa."

"Wiki saba?"

"Anafunga."

"Eeddo," Shamis alisema polepole, na kitambaa kikamwanguka mkononi, "na Idd juzi alifunga?"

Walitazamana. Kufunga siku ya Idd ni haramu, mtoto wa chuo cha Kurani anajua hilo. Weris alikuwa amelisikia jibu lile kwa masikio yake siku ya Idd yenyewe na hakulishangaa, kwa sababu adabu ilikuwa imeshamfunga mdomo. Alianza kucheka, kicheko kisicho na sauti kilichomtikisa mabega.

"Tazama nilivyo mwerevu," alinong'ona. "Aliyestahili maziwa nilimpa maswali, na aliyestahili maswali nikampa maziwa."

"Tumwite Sheikh Nuh wa msikitini."

"Sheikh Nuh yuko Wajir mpaka Ijumaa. Huyu anakuja saa saba, na ameniachia kitu kimoja tu cha kubeba." Weris alielekeza macho kwenye dhiil. Woga ulikuwa bado upo, lakini hasira ilikuwa imeingia na kuketi juu yake. "Hanywi kwa sababu anajua. Aliyekunywa maziwa ya mwenyeji hawezi kumdhuru mwenyeji. Lakini Shamis, koo langu analo yeye. Nikinywa mimi, anameza yeye."

"Basi siku zote umekuwa ukinywa."

"Nimenyweshwa chai na yeye, mkononi mwake. Sijamkaribisha kwa dhiil ya mama yangu, yenye moshi. Ndiyo maana aliutaka moshi wangu mapema." Kisha akasema maneno ambayo Hani angelipa nauli ya kwenda na kurudi kuyasikia. "Nisaidie, mwanangu. Mikono yangu haifanyi kazi. Washa makaa."

Shamis aliwasha. Aliunguza kidole, lakini alilitia kaa ndani ya dhiil, akalizungusha kama Weris alivyomwelekeza, akafunika, akasubiri, akalimwaga na kupangusa. Alileta maziwa kutoka chumbani kwake mwenyewe, yale aliyonunua kwa ajili ya chai yake. Yalipoingia, harufu ya moshi ilijaa ua, na Weris akavuta pumzi ndefu ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Saa saba kengele ya mti ilianza kugonga.

Ilitoka upande wa barabara, ikasogea bila haraka, na harufu ya mvua ikaja nayo, nzito sasa, kama shimo lililochimbwa muda si mrefu. Mbuzi waliinuka wote wanne. Mgeni aliingia katika sura yake ya mwanamume na kanzu yake safi, akamtazama Shamis mara moja kama mtu anavyotazama kiti kilichowekwa mahali pasipo pake, akamgeukia Weris.

"Nabad, hooyo. Umechoka."

"Nimechoka," Weris alisema, na ilikuwa kweli.

"Umebaki na kitu kimoja, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Siku zako. Kila asubuhi kuamka, kila asubuhi magoti, kila asubuhi kukumbuka waliokufa." Sauti yake ilikuwa laini, bila hila yoyote, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwamba alionekana kumhurumia kwa dhati, na kwamba maneno yake yaliingia masikioni mwa Weris kama usingizi unavyomwingia mtu aliyetembea kutoka Bura kwa miguu, mpaka akahisi kichwa chake kinakubali peke yake na lile neno, neno moja tu, linapanda kooni kuelekea ulimini. "Nipe nikubebee."

Shamis alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na moto wa makaa.

"Mgeni," Weris alisema, "hujanywa kwangu."

"Nimefunga, hooyo."

"Na Idd ulifunga."

Mgeni alirudi nyuma hatua moja. Uso wake ulisimama, kisha ukaanza kulegea, ngozi ikikunjana kando ya macho, mashavu yakishuka, na Shamis akapiga ukelele mdogo kwa sababu sasa walikuwako Weris wawili uani, mmoja mkekani na mmoja amesimama katika kanzu ya kiume, na wa kusimama ndiye aliyekuwa na afya. Shamis alisema baadaye kwamba miguu yake ilitaka kukimbia na yeye akaikatalia. Aliinua dhiil, akaiweka midomoni mwa yule wa mkekani.

"Karibu, mgeni wangu," Weris alisema. "Bismillahi."

Akanywa. Mbele yake lile koo lingine likapanda, likashuka. Mgeni alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mikono ya Weris, lakini maziwa yalikuwa yakishuka, na moshi ukaanza kumtoka puani. Weris hakuacha. Alikunywa hadi tone la mwisho.

"Sasa umekunywa," alisema. "Sasa nakuuliza. Wewe ni wa nani?"

Kitu kile kiliiondoa mikono mdomoni. "Weris," kilisema kwa sauti yake. "Weris Bare. Bare Ayanle. Ayanle Dagane..."

"Hao ni wangu. Taja wako."

Kilifungua mdomo. Palipita upepo mkavu tu.

"Huna hata mmoja," Weris alisema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kama huruma ndani yake, lakini hakikukaa. "Basi ndiyo maana unabeba vya watu. Umekuwa mgeni wangu, na mgeni hatoki na vyombo vya mwenyeji. Rudisha."

Kilichorudi kwanza ni maumivu. Yaliingia mabegani, viwikoni, vidoleni, yale yale ya zamani, na Weris aliyapokea akicheka kwa nguvu, na kicheko kilikuwa na sauti. Mikono yake haikurudi ya msichana. Ilirudi yake, ya sabini na kitu. Alipiga mluzi, mfupi mara mbili na mrefu mara moja, mbuzi wakamkimbilia.

Kitu kile kilikuwa kimebaki kanzu na harufu. "Utazeeka zaidi," kilisema kutoka langoni, bila sauti ya mtu yeyote. "Utaniita."

"Nitazeeka zaidi, ndiyo!" Weris alikipigia kelele mpaka majirani wakaamka vitandani. "Na nitamwita Shamis! Ondoka!"

Jioni ile Hani alipiga simu. Weris alimwambia aje, akasikia mwanawe analia. Na tangu kesho yake mtungi ulitoka steji umepitishiwa mti katikati, Weris mwisho mmoja na Shamis mwisho mwingine, wakibishana njia nzima nani anatembea polepole. Fatumo alionja chai, akasema sasa ndiyo maziwa. Weris akamwambia pua yake imepona.

Ingekuwa vizuri niishie hapo. Lakini mwezi uliofuata, saa saba mchana, Weris na Shamis walikuwa steji wanasubiri gari, Weris akanusa mvua. Ng'ambo ya barabara alipita Mzee Olow, mchunga ngamia wa zamani, mkali, asiyesemezana na mtu, ambaye magoti yake yalikuwa yamemfungia nyumbani tangu mwaka jana. Alikuwa amebeba gunia la sukari begani, anatembea kama kijana. Watu wawili walimpongeza. Hakuitikia. Mahali fulani kengele ya mti ilikuwa ikigonga.

Weris hakumfuata. Alirudi nyumbani, akaitwaa dhiil, Shamis akachukua makaa kwenye kopo na maziwa kwenye chupa, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa Olow. Wakwe zake walikuwa uani wanapepeta mchele. Walisema mzee ametoka, ana nguvu siku hizi, mashallah. Weris aliwapita, akaingia chumba cha mwisho.

Olow alikuwa amekaa pembeni, mgongo ukutani. Alipoona macho yao yanamtazama, midomo yake ilianza kutetemeka, kisha akakumbuka yeye ni nani, akaikaza.

"Sikuomba msaada," alinong'ona.

"Najua," Weris alisema, akiketi chini kwa shida, magoti yakilalamika. "Hata mimi sikuomba. Shamis, fukiza. Na wewe, mzee, kabla sijakuuliza wa nani, fungua mdomo unywe."